Bruda Laurenti wa Ufufuko: Mpishi Aliyejifunza Kukaa na Mungu Katika Siku Ngumu

Kati ya watu waliotufundisha kuishi na Mungu siku hata siku, wachache walikuwa na cheo kidogo kama Bruda Laurenti wa Ufufuko. Hakuwa padre wala mwanateolojia. Kanisa halijamtangaza mtakatifu wala mwenye heri, na sanamu yake hatuioni katika makanisa yetu. Alikuwa mpishi, kisha mshonaji wa makubazi, katika monasteri ya Wakarmeli Peku jijini Paris, nchini Ufaransa, katika karne ya 17. Hata hivyo mafundisho yake machache, yaliyokusanywa na wengine baada ya kifo chake, yamesomwa kwa zaidi ya miaka 300. Mwishoni mwa mwaka 2025 Baba Mtakatifu Leo XIV, alipokuwa ndegeni akirejea Roma kutoka Lebanoni, aliwataja waandishi wa habari kitabu hicho kidogo kuwa mojawapo ya vilivyoijenga sala yake kwa miaka mingi.

Tumeona vema kusimulia maisha ya bruda huyu kwa ajili ya waamini wa majimbo yetu ya Shinyanga, Kahama na Geita, kwa kuwa wengi wetu tunabeba siku nzito. Yupo aliyekopa fedha za kuchimbia duara, miezi inapita, mawe yanasagwa kwenye karasha na kuoshwa, na dhahabu haionekani. Yupo mama ambaye usingizi humkataa kila mumewe anaposhuka shimoni zamu ya usiku. Yupo mkulima wa pamba anayeangalia mbingu isiyo na wingu, na kijana aliyekuja Nyarugusu kutafuta maisha na sasa anaona haya kurudi nyumbani mikono mitupu. Msongo wa mawazo na sonona si mambo ya watu wa mijini tu. Vinakaa nasi katika vigango na katika Jumuiya Ndogo Ndogo, na mara nyingi vinakaa kimya.

Siku hizi, katika hospitali na vituo vya ushauri nasaha, watu wenye taabu hiyo hufundishwa zoezi la kutuliza fikra: kuketi kwa utulivu, kufuata pumzi inavyoingia na kutoka, kuyaona mawazo yanapokuja bila kuyafuata wala kupigana nayo, na kuirudisha akili kwa upole kwenye dakika iliyopo. Waamini huuliza kama jambo hilo linapatana na imani yetu. Jibu refu tunawaachia walimu wa maadili. Sisi tunasimulia habari za Mkristo ambaye kwa maisha yake yote ya utawa alifanya kazi inayofanana sana na hiyo kwa nje, isipokuwa kwamba akili yake ilipotangatanga alikuwa na Mtu wa kumrudia.

Alizaliwa mwaka 1614 hivi katika kijiji cha Hériménil, karibu na mji wa Lunéville katika nchi ya Lorraine, na wazazi wakulima walimpa jina la Nicolas Herman. Shule hakuipata kwa wingi. Alipokuwa na umri wa miaka 18, siku moja ya majira ya baridi, aliuona mti uliopukutika majani yote, umesimama kama mfu. Akawaza kwamba baada ya muda mfupi mti ule ule ungechipua, ungetoa maua, kisha matunda. Wazo hilo lilimwingia kwa nguvu isiyo ya kawaida. Aliuona mkono wa Mungu anayevitunza viumbe vyake hata wakati ambapo macho hayaoni dalili yoyote ya uhai, na miaka 40 baadaye alikuwa bado anaihesabu siku ile kuwa mwanzo wa safari yake.

Sisi wa Shinyanga hatuhitaji kuelezwa sana habari za mti huo. Mibuyu yetu husimama uchi miezi ya kiangazi, na mgeni anaweza kudhani imekufa. Wazee wanakumbuka pia jinsi mkoa huu ulivyokuwa umegeuka karibu jangwa, hata mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ukaanzishwa mwaka 1986 na watu wakarudia desturi ya Wasukuma ya kutenga ngitili. Sehemu kubwa ya miti iliyorudi haikupandwa na mtu. Mashina yaliyokatwa yalikuwa bado na mizizi hai chini ya ardhi, na yalipoachwa bila kuchungiwa yakachipua.

Basi kijana Nicolas alikuwa ameguswa na Mungu, lakini hakwenda moja kwa moja utawani. Alikwenda vitani. Ulaya wakati huo ilikuwa imo katika vita vilivyodumu miaka 30, kuanzia 1618 hadi 1648, na nchi yake ya Lorraine ilikanyagwa na majeshi ya kila upande. Alikamatwa na askari wa Kijerumani waliomdhania mpelelezi, wakamtishia kumnyonga. Aliwajibu kwa utulivu kwamba hakuwa mtu waliyemdhania, na kwamba dhamiri yake haikumshitaki kwa kosa hilo hata aogope kufa. Wakamwachia. Baadaye, mwaka 1635, askari wa Uswidi waliposhambulia mji wa Rambervillers, alijeruhiwa mguu. Jeraha hilo halikupona vizuri, na alichechemea mpaka kaburini.

Alirudi kwa wazazi wake akiwa na mguu mbovu na moyo wenye kumbukumbu za mambo aliyoyaona na aliyoyatenda katika uaskari. Alijaribu kuishi upwekeni kama mkaapweke, lakini haikumfaa. Moyo wake ulikuwa ukipanda na kushuka, leo furaha, kesho majuto, na hapakuwa na jumuiya ya kumshikilia. Kisha akawa mtumishi wa nyumbani kwa bwana mmoja wa mambo ya hazina ya serikali, aliyeitwa de Fieubet. Hapo, kwa ushuhuda wake mwenyewe, alikuwa mzembe wa mikono aliyevunja kila kitu.

Mwaka 1640 alibisha hodi katika monasteri ya Wakarmeli Peku ya barabara ya Vaugirard, jijini Paris. Alipokewa kama bruda, yaani mtawa asiye padre, akapewa jina la Laurenti wa Ufufuko, na mwaka 1642 aliweka nadhiri. Alifikiri watawa wangemwadhibu kwa uzembe wake, na kwamba huko angepata mateso ya kumlipa Mungu kwa dhambi za ujana. Alimwambia Mungu kwa utani baadaye kwamba alikuwa amemdanganya, kwa sababu alichokipata mle ndani kilikuwa amani. Lakini amani hiyo haikuja upesi.

Hapa tunaomba msomaji akae nasi kidogo, kwa kuwa wengi wanaosimulia habari za bruda huyu hupita mbio mahali hapa ili wafike kwenye utamu. Kwa miaka kama 10 ya mwanzo ya utawa wake, Bruda Laurenti aliteseka rohoni. Dhambi zake za zamani zilimrudia mchana na usiku. Kwa muda wa miaka 4 kati ya hiyo alisadiki kabisa kwamba atapotea milele, na hapana mtu aliyeweza kumtoa katika fikra hiyo. Alikuwa akisali na kushika kanuni, akiungama na kupokea Ekaristi, na bado giza lilikuwa palepale. Aliona kana kwamba viumbe vyote, akili yake, na Mungu mwenyewe, vilikuwa kinyume chake.

Tunalitilia mkazo jambo hili kwa sababu kuna fundisho baya linalozunguka katika maeneo yetu ya migodi, wakati mwingine kwa kipaza sauti na chupa ya mafuta, kwamba mwenye imani hapati huzuni ya muda mrefu, na kwamba aliye nayo ana laana au ana mtu nyuma yake. Maneno haya si mzaha. Ni kwa kumtafuta huyo mtu wa nyuma kwamba katika mikoa yetu ya Usukumani vikongwe wameuawa kwa kisingizio cha macho mekundu, macho yaliyowiva kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi wakiwapikia watoto na wajukuu. Ni kwa uongo wa namna hiyo hiyo kwamba ndugu zetu wenye ualbino wamekatwa viungo, waganga wakiwaambia watu kwamba ndivyo dhahabu inavyoitwa. Mtu asiyejua la kufanya na uchungu ulio ndani yake huutafutia uso wa jirani. Bruda Laurenti alikuwa na miaka 10 ya uchungu, na hakumtafuta jirani.

Alifanya nini basi? Mwanzoni alifanya alivyofundishwa. Saa za sala alijaza akili yake mawazo ya kifo, hukumu, moto wa milele, mbinguni na dhambi zake. Mawazo hayo ni ya kweli na yana mahali pake, lakini kwa mtu aliyekuwa tayari anazama yalikuwa kama mawe mengine yaliyofungwa shingoni. Polepole alianza kuziacha hesabu hizo. Nje ya saa za sala, jikoni, alijizoeza jambo moja tu: kukumbuka kwamba Mungu yupo pale alipo, na kumwelekea kwa neno fupi au kwa moyo usio na neno.

Hatimaye ilifika siku aliyoamua kutoshindana tena na swali la kuokoka au kupotea kwake. Aliona kwamba aliingia utawani kwa ajili ya mapendo ya Mungu, na hivyo litakalompata na limpate. Muda wote atakaokuwa hai, atatenda kila tendo kwa kumpenda Mungu, na walau hilo atakuwa amelifanya. Hakupewa ishara wala hakuona njozi. Aliacha kudai uhakika, akabaki na kazi ya siku ile mbele ya Mungu wa siku ile. Ni baada ya hapo ndipo mzigo ulipoondoka, kwa ghafla, wakati alipokuwa amekwisha kukubali kuubeba mpaka mwisho.

Jikoni alikaa miaka 15 hivi. Yafaa tujue kwamba kazi ile hakuipenda. Kwa tabia yake aliichukia: joto, kelele, watawa wengi wa kulishwa, watu wawili watatu wakimwita kwa mara moja kila mmoja na haja yake. Mama lishe wa Katoro au wa Masumbwe anaijua hali hiyo kuliko sisi tunaoandika. Kabla ya kuanza kazi alimwomba Mungu kwa maneno machache, kama mtoto anayemwomba baba, ampe neema ya kukaa naye huku mikono yake ikifanya yaliyoamriwa. Katikati ya kazi aliendelea kuzungumza naye. Alipomaliza alijichunguza. Kama kazi ilikwenda vema alishukuru, na kama ilikwenda vibaya aliomba msamaha, kisha akaendelea kana kwamba hakuwa ameanguka. Alipogeuza mayai kikaangoni aliyageuza kwa mapendo ya Mungu. Na yalipokwisha, kama hapakuwa na kazi nyingine, alisujudu sakafuni akamwabudu aliyempa neema ya kuyapika, akainuka ameridhika kuliko mfalme. Hata kuokota unyasi mmoja chini, kwa mapendo hayo, aliliona kuwa jambo la kutosha.

Hatukudhani kwamba akili yake ilitii mara moja. Bruda Laurenti mwenyewe aliwaeleza waliomwuliza kwamba fikra zake zilitoroka mara nyingi, na kwamba mwanzo wa zoezi hili ni kazi ngumu inayodai udumivu kabla haijawa desturi. Siri yake, kama ni siri, ilikuwa katika namna ya kurudi. Alipotambua kwamba amemsahau Mungu kwa saa nzima, hakujipiga wala hakujilaumu kwa muda mrefu. Alikiri tu mbele ya Mungu kwamba bila neema hivyo ndivyo alivyo, na kwamba atakuwa hivyo daima akiachwa peke yake. Kisha alirudi. Aliona kwamba kujisumbua kwa ajili ya kosa humtoa mtu mbele ya Mungu kuliko kosa lenyewe. Mshauri nasaha wa leo anayemwambia mgonjwa wake airudishe akili kwa upole angeelewana na mpishi huyu kwa haraka sana. Tofauti yao ni kwamba bruda hakurudi kwenye utulivu wake mwenyewe. Alirudi kwa Baba, na utulivu ukaja kama kitu cha nyongeza.

Mwaka 1665 alitumwa mkoani Auvergne kununua divai ya monasteri, na mwaka uliofuata akatumwa Burgundy kwa kazi hiyo hiyo. Biashara hakuijua. Mguu wake ulikuwa mbovu kiasi kwamba katika mashua hakuweza kutembea, ikambidi ajiviringishe juu ya mapipa ili atoke upande huu kwenda upande ule. Alimwambia Mungu kwamba shughuli ile ilikuwa yake Yeye, si ya bruda, na hakujitia wasiwasi tena. Baadaye akaona mambo yote yamekwenda vizuri bila kujua namna yalivyokwenda. Habari hii ya mapipa tunaipenda, kwa kuwa inatuonyesha kwamba amani yake haikuwa ya mtu aliyejifungia chumbani. Alikuwa na ankara za kulipa, safari za kuchosha na mwili uliomwangusha, kama sisi.

Uzee na kidonda cha mguu vilipozidi, aliondolewa jikoni akapewa kazi ya kushona makubazi ya watawa, ambayo ingemruhusu kuketi. Kwa wakati huo watu walikuwa wameanza kumtafuta. Mmojawapo alikuwa Padre Joseph de Beaufort, ambaye baadaye alikuja kuwa msaidizi wa karibu wa Askofu de Noailles. Alianza kuzungumza naye tarehe 3 Agosti 1666, na kila alipoondoka aliyaandika aliyoyasikia. Padre Fénelon, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Cambrai na mmoja wa waandishi wakubwa wa Ufaransa, naye alimtembelea akiwa mgonjwa sana, akamkuta mtu mchangamfu, mkwaruzo kwa maumbile lakini laini kwa neema. Ni jambo la kutafakari kwamba wasomi hao walipanda ngazi kwenda kumwuliza fundi viatu namna ya kusali.

Katika barua zake, ambazo zimebaki 16, aliwaandikia watawa na walei. Kwa wagonjwa hakuahidi kupona, ingawa alisali kwa ajili yao. Aliwaambia waombe nguvu ya kuvumilia kwa mapendo, kwa muda wowote Mungu atakaopenda, na wamwone Mungu karibu yao zaidi wakati wa udhaifu kuliko wakati wa afya. Kwa waliolalamika kwamba sala yao imejaa fikra za kuzurura, aliwashauri wasiongeze maneno mengi, bali wakae mbele ya Mungu kama maskini bubu aliyepooza mlangoni pa tajiri.

Kuna jambo moja ambalo hatungependa msomaji wetu aliige bila kufikiri. Bruda Laurenti alisema kwamba yeye hakuhitaji sana kiongozi wa kiroho, ila muungamishi wa kumwondolea dhambi. Tukumbuke aliyasema hayo akiwa ndani ya jumuiya, akisali na ndugu zake kila siku, akila nao meza moja, chini ya mkubwa wa nyumba aliyemtii. Hakuwa peke yake hata siku moja kwa zaidi ya miaka 50. Mwenye huzuni isiyoondoka, asiyelala, asiyekula, au anayepata fikra za kuutoa uhai wake, asijifungie ndani na kitabu cha sala. Amwendee padre, katekista au mwenyekiti wa jumuiya yake, na aende hospitali bila kuona aibu. Hospitali ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza, ambayo ni ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, inao madaktari wa magonjwa ya akili. Nabii Eliya alipochoka hata akaomba kufa, malaika alimletea mkate na maji kwanza, akamwacha alale, akamlisha tena. Safari ya mlima wa Mungu ilifuata baadaye.

Wala zoezi la bruda si kisingizio cha kuvumilia yasiyopasa kuvumiliwa. Mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano waliokolewa wakiwa hai baada ya kukaa chini ya kifusi siku 41. Waliishi kwa mizizi, wadudu na vyura, na maji machafu yaliyodondoka. Hatujui walisali vipi gizani mle, na hatutawawekea maneno midomoni. Tunalojua ni kwamba siku 41 haziwezi kubebwa zote kwa pamoja na moyo wa mwanadamu, na Bwana wetu alipotuambia tusijisumbue kwa ajili ya kesho, kwa kuwa kila siku ina taabu yake ya kuitosha, aliijua mioyo hiyo. Lakini pia tunajua kwamba shimo lisilo na magogo imara ya kuzuia udongo ni kosa la mtu, na mwenye duara anayewashusha watu humo atatoa hesabu. Mke anayekaa na Mungu usiku wa zamu ana haki ya kuuliza asubuhi kama shimo la mumewe limekaguliwa.

Kwa anayetaka kujaribu njia ya bruda, tunapendekeza aanze na kazi moja tu ya kila siku, tena ile asiyoipenda. Mchimbaji anaweza kuchukua dakika za kufunga kamba kabla ya kushuka, na mama, kuwasha moto alfajiri. Dereva wa bodaboda ana muda wa kusubiri abiria, na mwanafunzi ana safari ya miguu kwenda shule. Kabla ya kazi hiyo amwite Bwana kwa jina. Wakati wa kazi aangalie anachofanya, kamba, kuni, njia, kama kitu anachomfanyia Mungu aliyepo. Wasiwasi utakuja, nao una maneno mengi: deni, mtoto mgonjwa, maneno ya jirani. Asishindane nao wala asiwaze kwamba umemharibia sala. Autaje mbele ya Mungu, arudi kwenye kamba. Wenye kuchomea zebaki wafanye hivyo wakiwa mbali na watoto na mbali na jiko la chakula, maana moshi ule ni sumu, na kumpenda Mungu katika kazi ni pamoja na kutomwua jirani kwa kazi hiyo.

Kitabu cha maneno yake hakikupita salama. Padre de Beaufort alikichapa katika sehemu mbili, mwaka 1692 na 1694. Muda mfupi baadaye kukazuka ubishi mkubwa nchini Ufaransa kuhusu watu waliofundisha utulivu wa roho unaomfanya mtu asijali tena wema wala wokovu wake. Kanisa lilikataa fundisho hilo, na Fénelon mwenyewe alisahihishwa na Papa mwaka 1699 kwa kitabu chake. Jina la bruda likatiwa kivuli kwa sababu ya marafiki zake, na kwa muda mrefu Wakatoliki walimsahau huku ndugu zetu Waprotestanti wakimsoma kwa bidii. Kosa halikuwa kwake. Mtu aliyeomba msamaha kila alipounguza chakula hakuwa mtu asiyejali wema.

Mwezi Februari 1691 alishikwa na ugonjwa wa mwisho. Tarehe 6 alimwandikia mtawa mmoja rafiki yake barua fupi, akimwambia kwamba anatumaini kwa huruma ya Mungu kumwona baada ya siku chache. Ubavu wake ulimwuma sana, hata ndugu waliomwuguza walimwonea huruma, naye akaomba wamgeuze alale upande ule ule unaouma, ili apate kumtolea Mungu kitu. Alipokea Sakramenti. Mtawa mmoja alimwuliza anafanya nini na akili yake inashughulika na nini. Akajibu kwamba anafanya atakachokifanya milele yote: anamhimidi Mungu, anamsifu, anamwabudu na kumpenda kwa moyo wote. Tarehe 12, asubuhi, alifariki akiwa na akili zake timamu, bila mahangaiko, mwenye umri wa miaka 77 hivi.